Kababu za Shangazi na Nyanya za Waitaliano

Miezi michache iliyopita rafiki zangu wawili walinialika chakula cha jioni kwenye mgahawa mmoja wa Kitaliano hapa Dar. Mimi si mtu wa migahawa ya namna hiyo, lakini ofa haikataliwi. Tukaletewa bakuli lenye madonge matano ya nyama ya kusaga, yamezama kwenye rojo zito la nyanya, na juu yake majani mawili ya kijani. Nikaonja. Nikaonja tena. Halafu nikaropoka, “Jamani, si kababu hizi? Wamezitia kwenye mchuzi tu.”

Meza ikaangua kicheko. Mmoja akaniambia, “Kaka, hapa Italia, siyo Kilwa Masoko.”

Nilicheka nao. Lakini usiku ule, nikiwa kwenye daladala, niligundua kwamba niliona aibu. Siyo aibu ya kuitwa mtu wa Kilwa, maana ndiko kwetu. Niliona aibu ya kukitaja chakula cha shangazi yangu mbele ya chakula cha bei mbaya, kana kwamba nimemwingiza shangazi mgahawani akiwa na kanga za jikoni. Na hapo ndipo swali likanikaa kichwani: nani aliamua kwamba donge la nyama ndani ya nyanya ni “Italia” likiwa mezani Dar, na ni “kababu tu” likiwa kwenye sufuria ya shangazi?

Basi nilipopata likizo fupi nikapanda basi Mbagala kuelekea kusini. Wale waliokuwa wakivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wanajua kwamba Kilwa ya leo ni karibu. Kwenye begi nilikuwa na pakiti mbili za spageti, karatasi niliyonakili mapishi, na kipande cha jibini kilichoanza kutoka jasho kabla hatujafika Ikwiriri.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Dar hakuna chakula?”

Nikamweleza nia yangu: leo napika mimi, yeye apumzike. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akavuta kibao cha mbuzi, akakikalia kama hakimu aliyefungua kesi.

Kesi ya kwanza ilikuwa spageti. “Kumbe umeniletea tambi! Ngoja nikune nazi basi.” Kwa shangazi, kama kwa watu wengi wa pwani, tambi hupikwa kwa tui, sukari na iliki, na utamu wake ni wakati wa futari. Nilipomwambia hizi zinaliwa na nyama na nyanya, bila sukari, alisema neno moja tu: “Astaghfirullah.”

Kesi ya pili ilikuwa majani. Nikatoka uani nikachuma rehani kwenye mche wake. Akaniuliza, “Nani anaoa?” Maana rehani kwetu ni ya kufungia kikuba pamoja na asumini, ni harufu ya bibi harusi. Kuitia kwenye mchuzi ni sawa na kupika marashi. Lakini rehani ni jani lilelile ambalo Waitaliano hawapiki nyanya bila kulikumbuka.

Kesi ya tatu ilikuwa nyama yenyewe. Aliponiona naviringa madonge akacheka: “Mwanangu, si useme tu unapika mchuzi wa kababu.” Akanihadithia kwamba mama yake alikuwa akitengeneza kababu za samaki siku za kawaida, na za nyama siku ya Idd. Zikibaki, kesho yake zinatumbukizwa kwenye mchuzi wa nyanya na tui, zinaliwa na wali. Alisema jambo lilelile nililosema mgahawani. Tofauti ni kwamba jikoni kwake hakuna aliyecheka.

Tuache utani sasa. Nimelifuatilia hili bakuli kipande kwa kipande, na nilichokikuta kimenishangaza.

Tuanze na donge. Neno kofta, ambalo ndugu zetu wa Unguja na Mombasa wanalitumia sana, linatokana na kitenzi cha Kiajemi chenye maana ya kuponda. Kababu nalo limetufikia kwa njia hizohizo za Waarabu na Waajemi. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa na al-Baghdadi huko Baghdad mwaka 1226 kina michuzi kadhaa inayotiwa madonge ya nyama iliyopondwa. Warumi wa kale nao hawakuwa nyuma: kitabu cha mapishi kinachobeba jina la Apicius kina sura nzima ya nyama za kuponda. Kwa hiyo hakuna taifa linaloweza kudai hatimiliki ya donge la nyama. Kila penye nyama ngumu na watu wengi wa kulisha, mtu amefikia wazo hilohilo: iponde, ichanganye na viungo, iviringe.

Kilwa ilikuwa katikati ya njia hiyo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Watafiti walikuta kwamba Waafrika na watu wa kutoka Asia, hasa Waajemi, walianza kuchanganya damu kufikia mwaka 1000 hivi, na kwamba upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa akina mama na upande wa Uajemi kwa akina baba. Wengine wamelisoma jambo hilo kwa macho ya siasa ya nani ni nani. Mimi nalisoma kwa macho ya jikoni. Baba alikuja na jahazi, na pengine na neno “kababu” mdomoni. Lakini chungu, kuni na mkono uliopika vilikuwa vya mama, na mama alikuwa wa hapahapa.

Mwaka 1331 alipita Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alifika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule wa jumba la Husuni Kubwa, akamsifu kwa ukarimu wake. Habari za chakula aliziandika vizuri zaidi alipokuwa Mogadishu, kwenye pwani hiihii: wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga, na pembeni achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Soma tena taratibu. Hiyo ni sinia ya harusi ya pwani, karibu miaka 700 iliyopita! Kinachokosekana ni kitu kimoja tu: nyanya.

Nyanya haikuwepo kwa sababu haikuwepo popote upande huu wa dunia. Ni mmea wa bara la Amerika, na hata neno “tomato” limetoka kwenye lugha ya Nahuatl ya Mexico. Mwaka 1331 hapakuwa na nyanya Kilwa, na hapakuwa na nyanya Roma.

Hapa ndipo Kilwa na Italia zinapokutana, mahali ambapo sikupategemea kabisa.

Cabral alifika Kilwa mwaka 1500. Vasco da Gama akaja mwaka 1502 na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Mwezi Julai 1505 ikaja meli kubwa za Francisco de Almeida. Tarehe 24 askari wake wakashuka, Amir Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa nyumba kwa nyumba. Wareno wakajenga ngome pale ufukweni, wakaishikilia mpaka mwaka 1512. Ukienda Kisiwani leo utaonyeshwa Gereza, jengo lililojengwa upya na Waomani mahali pa ngome hiyo.

Haya tuliyasoma shuleni. Ambacho mimi sikufundishwa ni nani alitoa hela. Meli tatu katika msafara ule ziligharamiwa na wafanyabiashara wa Ujerumani na Italia: matajiri wa ukoo wa Fugger na Welser wa Augsburg, pamoja na wafanyabiashara wa Florence na Genoa. Walikuwa wanafuata pilipili manga ya India, ambayo Ulaya ilikuwa mali kwelikweli. Kilwa ilikuwa njiani.

Kwenye mojawapo ya meli hizo, São Rafael, alikuwemo Mjerumani anayeitwa Hans Mayr, na maelezo yaliyobaki kwa jina lake ndiyo yanayotuonyesha Kilwa ya siku zile. Anataja ng’ombe, kondoo na mbuzi walionona. Anataja samaki wengi. Anataja machungwa matamu, ndimu, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, vyote vikilimwa bustanini na kumwagiliwa maji ya visima. Orodha hiyo ukiipeleka kwa shangazi yangu ataanza kuwasha moto. Nyama ipo, kitunguu kipo, ndimu ipo, majani ya kunukia yapo. Nyanya haimo.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Barua inayojulikana sana ya kupokelewa kikapu cha nyanya Italia ni ya mwaka 1548, kule Pisa, katika nyumba ya Cosimo de’ Medici. Yaani fedha za Waitaliano zilifika Kilwa, ndani ya meli za uporaji, miaka zaidi ya 40 kabla ya kikapu kile! Na kikapu kilipofika, watu walikiangalia tu. Kwa muda mrefu wengi waliiogopa nyanya, wakaipanda kama ua, kwa sababu inafanana na mimea yenye sumu ya ukoo wake.

Mapishi ya mchuzi wa nyanya yanayotambuliwa kuwa ya kwanza kuchapishwa Italia yaliandikwa miaka ya 1690 na Antonio Latini, msimamizi wa jiko la wakubwa mjini Naples. Je, aliuitaje mchuzi huo? Mchuzi wa nyanya wa Kispania! Naples wakati huo ilikuwa chini ya Hispania. Kwa hiyo kile kinachotufanya sisi tuvae mashati mazuri twende kukila kama Italia halisi, mwandishi wao mwenyewe alikiandika kama chakula cha wageni.

Tena ile picha ya sinema, ya spageti na juu yake madonge makubwa ya nyama, asili yake ni Marekani. Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitaliano zaidi ya milioni nne walihamia huko, wengi kutoka kusini maskini, ambako nyama ilikuwa chakula cha nadra. Walipoikuta nyama ya bei nafuu wakaongeza ukubwa wa donge. Kwao Italia madonge hayo, polpette, ni madogo na mara nyingi huliwa peke yake.

Huku kwetu nyanya iliingia pamoja na wageni wengine wa kutoka Amerika: mahindi, muhogo, pilipili kali, korosho. Nenda Lindi ukamwambie mtu kwamba korosho ni chakula cha kigeni, uone atakavyokutazama. Lakini mkorosho ni mti wa Brazil. Nyanya nayo tuliipokea vivyo hivyo. Tukaiita jina moja na nyanya chungu, ambayo ni mmea wa Afrika na wa ukoo wake (Unguja na Mombasa wakaiita tungule), tukaitia kwenye mchuzi ambao tayari ulikuwa na umri wa karne kadhaa. Hakuna aliyeomba ruhusa, na hakuna aliyeona aibu.

Waswahili wa Barawa na ndugu zao Wasomali wametuzidi ujasiri. Italia iliwatawala, ikaondoka mwaka 1960, wao wakabaki na pasta. Wanaipika na mchuzi wa nyama unaoitwa suugo, neno lililotoka kwenye Kiitaliano, wakiutia bizari zao wenyewe. Leo ukimwambia Msomali kwamba baasto siyo chakula chake, mtagombana.

Sasa turudi jikoni, sufuria ziko motoni.

Tuliweka masufuria mawili. Langu lilikuwa la karatasi: nusu kilo ya nyama ya ng’ombe ya kusaga yenye mafuta kidogo, vipande viwili vya mkate mkavu vilivyolowekwa kwenye maziwa na kukamuliwa, yai moja, kitunguu saumu, chumvi, jibini, pilipili manga na kungumanga iliyoparuzwa. Msisahau: pilipili manga ni ya Malabar, India, na kungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia. Hata ladha ya donge la Kitaliano ilisafiri kwenye bahari yetu.

La shangazi lilikuwa la kichwani: nyama kiasi hichohicho, mkate uleule lakini umelowekwa kwenye tui zito, tangawizi na saumu vilivyotwangwa, bizari nyembamba, kotmiri, pilipili mbichi na ndimu. Nilipomuuliza kwa nini mkate, alisema, “Nyama ikiwa peke yake inakuwa jiwe.” Ndivyo ilivyo. Mkate unashika maji na mafuta ambayo nyama ikipata moto ingeyaachia, kwa hiyo donge linabaki laini.

Nyanya zangu nilizimenya kwa kuzitia kwenye maji ya moto kwanza, nikazipika na saumu na mafuta kwa moto mdogo mpaka mafuta yakaelea juu. Nikatumbukiza madonge yangu mabichi, nikachukua mwiko nikakoroga kwa mbwembwe. Mara mawili yakapasuka.

“Usikoroge!” shangazi akapiga kelele. “Tikisa sufuria.”

Karatasi yangu haikusema hivyo. Donge likiwa bichi halijashikana, mwiko unalivunja. Unaliacha dakika kumi bila kuligusa, unatikisa sufuria kwa vishikio tu, na baada ya dakika 25 hivi limeiva mpaka ndani na mchuzi umekuwa mzito. Yeye za kwake alizikaanga kwanza zikapata rangi, akatia nyanya, mwisho akamalizia na tui jembamba.

Tulikula watu tisa, maana harufu ilileta majirani. Sitasema sufuria lipi lilimalizika kwanza, kwa sababu niliahidi kuandika ukweli na ukweli huo unaniumiza. Shangazi alilionja langu kwa heshima, akafikiri, akasema, “Zuri. Limepungua ndimu tu.” Akakamua. Wallahi likawa zuri zaidi. Pakiti ya pili ya spageti aliificha, na asubuhi nikaikuta imepikwa kwa tui, sukari na iliki. Hiyo nayo ilikuwa tamu.

Kabla sijarudi Dar nilivuka kwenda Kisiwani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Nilizunguka Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, nikasikiliza majina ya masultani. Nikajiuliza mbona historia yetu yote ni ya mawe na wanaume. Kuta zile zimeanguka, biashara ya dhahabu imekwisha, masultani wamekwisha. Kitu ambacho hakikuporwa mwaka 1505, na ambacho bado kinapikwa ng’ambo ya pili pale Masoko, ni mchuzi. Nao umekaa kwenye kichwa cha mama mmoja mtu mzima ambaye vipimo vyake vyote ni “kadiri”.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa Florence, Pellegrino Artusi. Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861 tu. Kabla ya hapo kulikuwa na chakula cha Naples, cha Bologna, cha Sicily. Mwaka 1891 Artusi, ambaye hakuwa mpishi bali mfanyabiashara aliyestaafu, alitoa kitabu cha mapishi kwa gharama zake mwenyewe. Polpette zimo. Akina mama wa nyumbani wakaanza kumtumia mapishi yao kwa barua, naye akawa anayaongeza kila toleo, kutoka mapishi 475 mpaka 790 kabla hajafariki mwaka 1911. Kitabu hicho kilisaidia sana Waitaliano wajione wana chakula kimoja kinachoitwa cha Kitaliano. Viungo walivikuta kwa wengine, kama sisi. Walichotuzidi ni kwamba waliandika, na waliandika bila aibu.

Basi na mimi nimeandika. Nimemkalisha shangazi, kila “kadiri” nikaipima kwa kijiko kabla haijaingia sufuriani, naye akinicheka muda wote. Karatasi ile ya Kitaliano sasa ina maandishi upande wa pili: Mchuzi wa Kababu, Kilwa Masoko.

Rafiki zangu wale wawili nimewaalika Jumamosi. Nitapika la shangazi, na wakiniuliza ni chakula cha wapi nitawaambia ni cha Kilwa, na stori ya 1505 nitawapa juu ya wali. Na ninyi mnaosoma, kwenu donge la nyama kwenye mchuzi mnaliitaje, na nani analipika? Muulizeni kabla hajachoka. Kisha niandikieni, vipimo vyote, hata vya “kadiri”.